Mti Una Sukari, Jiko Lina Moshi: Utayarishaji wa Tungamotaka na Afya ya Mwambao wa Kilwa na Lindi

Kuanzia Somanga hadi Kilwa Masoko, na kuanzia Mchinga hadi mitaa ya mji wa Lindi, chakula cha kaya nyingi huivishwa kwa kuni au makaa. Ni wachache kati yetu wanaojua kwamba ukichukua gogo lililokauka vizuri na kulipima, takriban theluthi mbili ya uzito wake ni sukari. Sukari hiyo haionjeki ulimini wala haiyeyuki majini, kwa sababu imeunganishwa katika minyororo mirefu na kufungiwa ndani ya ukuta mgumu. Kwa kuwa hatuwezi kuifungua, tunaichoma. Sehemu isiyoungua vizuri hugeuka moshi, na moshi huo huishia katika mapafu ya mama apikaye na mtoto aliye mgongoni mwake.

Wanasayansi wamejaribu kwa karne mbili kuufungua ukuta huo ili sukari ya mti igeuzwe kuwa nishati safi, hususan spiriti ya kupikia ambayo kitaalamu huitwa ethanoli. Hatua inayoamua kama jambo hilo litawezekana au la ni ya mwanzo kabisa, nayo huitwa utayarishaji wa awali wa tungamotaka. Tungamotaka ni mali yote itokanayo na mimea au wanyama iwezayo kutumika kama nishati: kuni, makaa, maranda, mashina ya mazao na samadi. Makala hii inaeleza hatua hiyo kwa lugha ya kawaida, inaonyesha imefikia wapi katika nchi yetu, na inawashauri wagonjwa na watoa huduma za afya la kufanya katika miaka hii ambayo mti bado una sukari na jiko bado lina moshi.

Muhogo mmoja, sukari za aina mbili

Tuanze na mmea unaojulikana kila shamba la Kilwa. Mzizi wa muhogo na shina lake vimejengwa kwa sukari ileile, yaani glukosi, ambayo daktari huipima katika damu ya mgonjwa wa kisukari. Hata hivyo, mzizi tunaula na shina tunalichoma au kulipanda tena. Tofauti yake iko katika namna glukosi zilivyoshikana. Ndani ya mzizi zimeshikana kwa kifungo ambacho vimeng'enya vya mate na vya kongosho vinaweza kukikata; huo ndio wanga. Ndani ya shina zimeshikana kwa kifungo kingine, na mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kukikata. Hiyo ndiyo selulosi. Ndiyo maana kipande cha muhogo kikitafunwa kwa muda huanza kuwa na utamu mdomoni, ilhali kijiti kikitafunwa mchana kutwa hubaki kijiti.

Selulosi tuipatayo katika mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa haituletei glukosi, lakini haina maana kwamba haina faida. Huongeza ujazo wa choo na kupunguza ufungaji wa choo. Sehemu nyingine za nyuzinyuzi, hasa zile laini, huliwa na bakteria wa utumbo mpana, nao hutengeneza asidi ziyanufaishayo maumbile ya utumbo. Ng'ombe na mbuzi wamejaliwa zaidi. Tumbo lao la kwanza ni mtungi wa vijidudu viwezavyo kukata selulosi, na kwa hiyo hunenepa kwa majani ambayo sisi tungekufa njaa tukiyategemea.

Katika mti mambo ni magumu zaidi kuliko katika majani. Ukuta wa seli za mti unaweza kufananishwa na nyumba ya udongo ya pwani. Fito zilizosimama na kulala ndizo selulosi, ambayo ni asilimia 40 hadi 50 ya uzito wa mti mkavu. Kamba zilizofunga fito hizo ndizo hemiselulosi, asilimia 20 hadi 30. Nazo ni sukari pia, ila za aina mchanganyiko, na mojawapo huitwa zailosi. Udongo uliokandikwa juu ya fito na kamba ndio lignini. Hiyo haina sukari yoyote. Ni gundi ngumu ambayo huupa mti uimara, huzuia maji yasipenye, na huwazuia wadudu na vimelea wasiufikie utomvu. Anayetaka fito hana budi kwanza aubomoe udongo. Vimeng'enya vikimiminwa juu ya maranda ambayo hayajatayarishwa, sukari inayopatikana ni kidogo mno, mara nyingi chini ya moja ya tano ya ile iliyomo. Maranda hayohayo yakitayarishwa vyema, vimeng'enya hivyohivyo huweza kutoa sehemu kubwa ya sukari yote.

Walioijua kazi hii kabla yetu

Wa kwanza kuijua kazi hii ni kuvu na mchwa. Katika misitu na mashamba ya Lindi, mchwa wajengao vichuguu vikubwa hubeba vijiti na majani makavu hadi ndani ya kichuguu, lakini wengi wao hawawezi kuyameng'enya peke yao. Hupanda juu yake kuvu wao, kama mkulima apandavyo shamba. Kuvu huilainisha lignini kwa majuma kadhaa, kisha mchwa hula kile kilicholainishwa. Mvua zinapoanza, kuvu huyo huchomoza juu ya kichuguu, na wenyeji huuchuma uyoga huo kwa kitoweo kitamu. Kwa lugha ya maabara, kichuguu ni kiwanda cha utayarishaji wa awali kisichotumia moto wala asidi. Kasoro yake kwa binadamu ni moja tu: kinakwenda polepole.

Wa pili ni wazee wetu wa mwambao. Watengenezaji wa kamba za usumba hufukia makumbi ya nazi katika tope la pwani kwa miezi kadhaa. Bakteria wasiohitaji hewa hula gundi laini inayoshikanisha nyuzi, na makumbi yakifukuliwa na kupondwa, nyuzi hutoka safi. Ile harufu ya yai bovu inayopanda kutoka shimoni ni gesi ya salfa itokanayo na kazi ya bakteria hao. Jikoni nako, mpishi atiaye magadi kidogo katika sufuria ya kunde au kande anafanya jambo lilelile: magadi huyeyusha gundi ya ukuta wa mmea, punje ikalainika mapema na kuni zikaokolewa.

Maabara zilifuata baadaye sana. Mwaka 1819 mkemia Mfaransa Henri Braconnot alitumia asidi ya salfuriki kupata sukari kutoka katika matambara ya kitani na mbao. Wakati wa vita kuu mbili za dunia, Ujerumani iliendesha viwanda vya kugeuza mbao kuwa sukari na spiriti, na Umoja wa Kisovieti uliendelea na kazi hiyo kwa miongo mingi. Mataifa mengine yaliiacha kwa sababu mafuta ya petroli na molasi za miwa zilikuwa rahisi zaidi. Kisha, katika Vita Kuu ya Pili, wanajeshi wa Marekani waliokuwa katika Visiwa vya Solomon waliona mahema na mikanda yao ya pamba ikioza kwa kasi ya ajabu. Kuvu aliyekuwa akizila alichunguzwa, na baadaye akapewa jina la Trichoderma reesei kwa heshima ya mtafiti Elwyn Reese. Hadi leo vimeng'enya vingi vya kiwandani vya kukata selulosi hutokana na ukoo wa kuvu huyo.

Namna ukuta unavyobomolewa kiwandani

Njia za kutayarisha mti ni nyingi, lakini zinaweza kupangwa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni kusaga na kukatakata. Vipande vikiwa vidogo, eneo la kufikiwa na vimeng'enya huongezeka. Hata hivyo, kusaga mti mgumu hula umeme mwingi, na peke yake hakutoshi.

Kundi la pili ni mvuke. Vipande vya mti huwekwa katika chombo kizito cha chuma na kupigwa mvuke wa nyuzijoto 160 hadi 240 za Selsiasi kwa dakika chache, kisha mgandamizo huachiwa ghafla. Maji yaliyomo ndani ya vinyweleo vya mti hulipuka kuwa mvuke na kuufumua ukuta, hemiselulosi ikayeyuka na lignini ikasogea. Njia hii haihitaji kemikali nyingi, na kwa sababu hiyo hupendwa na viwanda.

Kundi la tatu ni kemikali. Asidi iliyozimuliwa, aghalabu chini ya asilimia 2, hukata kamba za hemiselulosi. Magadi makali kama soda kaustiki huyeyusha udongo wa lignini. Na baadhi ya vimiminika kama ethanoli yenyewe huweza kuichukua lignini ikatoka kando ikiwa safi.

Kundi la nne ni la kibiolojia, yaani kuwatumia kuvu wanaokula lignini, kama wafanyavyo mchwa. Ni njia nafuu na salama, ila huchukua majuma ilhali mvuke huchukua dakika.

Baada ya utayarishaji, vimeng'enya hukata selulosi kuwa glukosi kwa siku mbili au tatu katika joto la nyuzi 50 hivi. Hamira huigeuza glukosi kuwa ethanoli, na ethanoli hukenekwa. Tani moja ya mti mkavu huweza kutoa takriban lita 200 hadi 300 kwa kiwanda kinachoendeshwa vizuri.

Ikiwa elimu yote hii ipo, mbona spiriti ya mti haijajaa madukani? Jibu limo katika hatua ileile ya kwanza. Moto ukizidi au asidi ikizidi, sukari huungua na kugeuka kemikali kama fafurali, na hemiselulosi huachia asidi ya siki. Vyote viwili huidhoofisha hamira au kuiua. Moto ukipungua, ukuta haufunguki. Vimeng'enya ni ghali. Zailosi, ambayo ni sukari ya pili kwa wingi katika miti mingi ya majani mapana, haigeuzwi kuwa spiriti na hamira ya kawaida mpaka hamira hiyo ibadilishwe vinasaba. Na asidi au magadi yaliyotumika hayana budi kusafishwa kabla ya kurudishwa katika mto au bahari. Kijiji cha wavuvi hakiwezi kulipia spiriti safi kwa maji machafu.

Tanzania imefika wapi

Nchini mwetu mfano ulio karibu zaidi na jambo hili unatoka katika mkonge. Zao hilo lilipata kulimwa sana mwambao wote, pamoja na Kikwetu karibu na mji wa Lindi. Katika uchakataji wa mkonge, nyuzi zitumikazo ni sehemu ndogo sana ya jani. Mengine yote ni mabaki ambayo kwa miongo mingi yalitupwa yakaoza na kuchafua mito. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichunguza namna ya kuyatayarisha mabaki hayo ili vijidudu viyageuze kuwa bayogesi. Mojawapo ya matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2006, ni kwamba kuzikata nyuzi taka hadi urefu wa milimita 2 kuliongeza gesi ya methani kwa takriban asilimia 23 ikilinganishwa na nyuzi zisizokatwa. Kisu peke yake kilileta robo ya ziada. Huko Hale, mkoani Tanga, mtambo wa majaribio ulijengwa kwa kufuata wazo hilo la kugeuza taka za mkonge kuwa nishati.

Mwambao wa Kilwa na Lindi nao una mabaki mengi, ila si yote yafaayo kwa kazi moja. Mashina ya ufuta, ambayo baada ya mavuno huachwa au kuchomwa shambani, yana sukari nyingi na ukuta mwepesi kuliko wa mti mkubwa. Miti ya mihogo nayo ni hivyo. Makumbi ya nazi yana lignini nyingi mno, kwa hiyo ni bora yabaki kuwa usumba. Maganda ya korosho yana mafuta makali yababuayo ngozi, na moshi wake huwasha macho na koo. Hayafai kabisa kuwa kuni za jikoni. Maranda na vipande vinavyobaki katika upasuaji wa mpingo na mininga yanaweza kutumika, ingawa miti migumu ya aina hiyo ina kemikali za kujilinda ambazo huvipa shida vimeng'enya na pia kuvu.

Inafaa kukumbuka pia historia ya karibuni. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa, na barabara ya kusini ikarahisisha safari. Pamoja na neema hiyo, ukataji wa magogo na uchomaji wa makaa kwa soko la Dar es Salaam uliongezeka katika misitu ya Rufiji na Kilwa. Miaka michache baadaye kampuni ya Kiholanzi ya BioShape ilipata takriban hekta 34,000 katika vijiji vinne vya Kilwa ili kulima mbono kwa ajili ya mafuta ya kuendeshea mitambo. Mradi ulisimama mwaka 2009, kampuni ikafilisika mwaka uliofuata, na wanavijiji wakabaki na swali la ardhi yao. Kwa upande mwingine, wilaya hiyohiyo ilikuwa na vijiji vilivyopata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu yao kwa msaada wa shirika la hifadhi ya mpingo. Historia hiyo inatufundisha kwamba mradi wowote wa sukari ya mti utakaokuja uanze na mabaki yaliyopo, wala usianze na msitu uliosimama.

Kwa nini matabibu tunalijali jambo hili

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Nchini Tanzania, Serikali imekuwa ikitaja vifo zaidi ya 33,000 kila mwaka vinavyohusishwa na matumizi ya nishati isiyo safi ya kupikia. Kwa sababu hiyo, mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034.

Moshi wa kuni si kero ya macho tu. Ndani yake mna chembechembe ndogo mno zipenyazo hadi katika vifuko vya mwisho vya mapafu na kuingia katika damu, na mna gesi ya kaboni monoksidi iizuiayo damu isibebe oksijeni. Kwa mtoto huongeza hatari ya nimonia. Kwa mwanamke aliyepika miaka 20 au 30 huleta ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao watu wengi huuhusisha na sigara pekee, hata mgonjwa asiyewahi kuvuta akachelewa kutambuliwa. Huhusishwa pia na kiharusi, maradhi ya moyo, mtoto wa jicho, saratani ya mapafu na kuzaliwa kwa watoto wenye uzito mdogo. Aghalabu mama wa namna hii hufika kituoni na kikohozi cha muda mrefu, hupimwa kifua kikuu, majibu yakatoka hana, akarudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi bila mtu kumuuliza anapikia nini.

Je, makaa si bora? Moshi wake ni mdogo, lakini tusisahau jinsi yanavyopatikana. Katika tanuri la udongo, kilo 10 za mti hutoa kilo moja au mbili tu za makaa. Sukari yote ya mti huungua au huruka kama moshi mle tanurini, na mchomaji ndiye aivutaye kwanza. Na jiko la makaa likiingizwa chumbani usiku, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, huweza kuua familia nzima usingizini.

Ushahidi kwamba spiriti ya kupikia inaweza kubadili afya upo. Huko Ibadan, Nigeria, wajawazito 324 waliokuwa wakipikia kuni au mafuta ya taa waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi yao wakapewa majiko ya ethanoli na wengine wakaendelea kama kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba shinikizo la chini la damu halikupanda kwa waliotumia ethanoli kama lilivyopanda kwa wenzao. Ethanoli hiyo haikulazimika kutoka katika mti. Hata ya miwa huwaka vivyo hivyo. Ila miwa huhitaji shamba na maji, na sukari yake huliwa. Sukari iliyofungwa katika mashina ya ufuta haigombaniwi na mtu yeyote. Hapo ndipo utayarishaji wa awali unapokuwa suala la afya na si la viwanda peke yake.

Faida nyingine na hatari nyingine

Zailosi ya mti ina matumizi ya kitabibu. Ikiongezewa haidrojeni huwa zailitoli, utamu ulioanza kutengenezwa kwa wingi nchini Ufini kutokana na mti wa betula. Bakteria waozeshao meno hawawezi kuutumia kutengeneza asidi, na ndiyo maana hutiwa katika bazoka na dawa za meno. Hupandisha sukari ya damu kidogo kuliko sukari ya kawaida, lakini mgonjwa wa kisukari asidhani kwamba kila kilichoandikwa "hakina sukari" kinalika bila kipimo. Ukizidi huleta kuhara na gesi tumboni. Na kwa mbwa ni sumu.

Hatari kubwa iko katika kuchanganya spiriti za aina mbili. Mti ukiunguzwa bila hewa na moshi wake ukapozwa, hutoka methanoli, ambayo kwa desturi huitwa spiriti ya mti. Hii siyo ethanoli. Harufu yake hufanana na pombe, na mtu akiinywa huweza kulewa kidogo na kujiona salama. Baada ya saa 12 hadi 24 hivi ini huwa limeigeuza kuwa asidi ya fomiki, na hapo huja maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi na kuona ukungu, kisha upofu wa kudumu au kifo. Spiriti ya kupikia nayo huongezwa kemikali makusudi ili isinyweke. Isionjwe, isichanganywe katika gongo, wala isiwekwe katika chupa ya soda au ya maji.

Kwa mafundi seremala na wapasuaji mbao, vumbi lenyewe ni hatari. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani imeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vithibitishwavyo kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianzi yake. Vumbi la mpingo, kadhalika, huleta vipele na pumu kwa baadhi ya watu. Mtu atakayeanza kukusanya maranda ili yauzwe avae barakoa inayokaza, na alowanishe sakafu kabla ya kufagia.

Ushauri kwa familia

Kiwanda cha sukari ya mti hakijafika Kilwa, na familia isiahirishe afya yake kwa kukisubiri. Yafuatayo yanawezekana leo:

- Kaya iwezayo kumudu gesi, umeme au spiriti iliyothibitishwa itumie, hata kama ni kwa mlo mmoja kwa siku. Kila saa isiyo na moshi ina faida.
- Asiyeweza apikie nje au penye upenyo wa hewa pande mbili, atumie kuni zilizokauka kabisa na jiko banifu. Kuni mbichi huwa na maji yapozayo moto, na moto baridi ndio uletao moshi mwingi.
- Maharage, kunde na kande vilowekwe usiku kucha. Huo nao ni utayarishaji wa awali. Hupunguza muda wa kupika, kuni na moshi.
- Mtoto mchanga asikae jikoni wala mgongoni mwa mpishi wakati moto unawaka.
- Jiko la makaa lisilale chumbani na watu, hata wakati wa mvua.
- Jiko la spiriti lisiongezwe spiriti likiwa lina moto au bado la moto. Mwali wake hauonekani vizuri mchana, na majeraha yake ni makubwa.

Ushauri kwa watoa huduma za afya

- Kila mgonjwa wa kikohozi cha zaidi ya wiki mbili aulizwe maswali matatu: unapikia nini, wapi, na kwa miaka mingapi. Majibu yaandikwe katika faili. Kipimo cha kifua kikuu kifanyike kama mwongozo unavyotaka, lakini majibu yakiwa hasi uchunguzi usiishie hapo. Mgonjwa apelekwe panapopatikana kipimo cha kupuliza cha uwezo wa mapafu.
- Mtoto mwenye kikohozi ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa miezi 12 hadi 59, ni dalili ya nimonia.
- Mjamzito mwenye shinikizo la damu aulizwe pia habari za jiko lake.
- Watu kadhaa wa nyumba moja wakifika pamoja na maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu, ifikiriwe kaboni monoksidi. Watolewe kwenye hewa safi na wapewe oksijeni bila kuchelewa.
- Mtu aliyekunywa pombe ya kienyeji kisha akalalamika kwamba haoni vizuri ni mgonjwa wa dharura hata kama anatembea. Apelekwe mapema hospitali iwezayo kutoa dawa kinzani na kusafisha damu. Asipewe pombe nyingine nyumbani kwa kudhani ni tiba.

Watafiti wa nishati wanaweza kuusaidia mwambao huu kwa jambo moja mahususi: kutafuta utayarishaji mdogo, wa bei nafuu na usiochafua maji, utakaofaa mabaki ya hapa, yaani mashina ya ufuta, miti ya mihogo na masalia ya mkonge, badala ya kuleta mitambo iliyobuniwa kwa misitu ya nchi za baridi. Viongozi wa vijiji nao, wakiletewa mradi wa namna hiyo, wana haki ya kuuliza malighafi itatoka wapi, maji taka yatakwenda wapi, na spiriti itauzwa kwa bei gani kwa mama wa kijiji hichohicho. Mradi usioweza kujibu maswali hayo matatu hautaupunguza moshi jikoni, hata kama maabara yake ni nzuri kiasi gani.